Mundu Katika Damu na Kazi ya Mkemia

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mkemia mstaafu, katika ukumbi wa chakula siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Yanachapishwa kwa ombi la wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya jambo la sayansi litakalowafaa vijana na lisilowachosha wazee. Kazi hiyo si ndogo, hasa baada ya pilau tuliyokula, kwa hiyo mzee yeyote atakayesinzia nimekwisha kumsamehe. Lakini vijana nawaomba mkae macho, maana nimekuja na deni ambalo nataka kulilipa mbele yenu.

Mwaka 1979 nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa kiranja wa bweni. Wazee wanakumbuka mchakamchaka wa alfajiri wa siku zile: kengele, filimbi, kisha mbio mpaka barabara kuu na kurudi. Katika bweni langu alikuwamo mwenzetu mmoja, mwembamba, macho yake ya manjano kidogo, ambaye mara kwa mara alisema miguu inamuuma. Jina lake sitalitaja kwa kuwa ndugu zake wapo. Sisi tulimwita mvivu. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, alikataa kuamka. Nilimvua blanketi, nikammwagia maji, nikamtoa nje akimbie na wenzake. Alikimbia. Kabla ya kufika barabarani alianguka, akalia kwa maumivu kama sijapata kumsikia mtu akilia.

Alilazwa hospitali majuma matatu. Aliporudi hakunisemesha neno baya. Tena ndiye aliyenifundisha hesabu za moli, maana katika kemia hakuna aliyemfikia. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1980. Matokeo yalipotoka jina lake lilikuwamo katika orodha ya waliochaguliwa kuja hapa hapa kidato cha tano. Hakuja. Alikuwa amekwisha kufariki nyumbani kwao wakati wa likizo ile.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ni mtu wa maabara, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na kwamba mambo matatu niliyomtendea asubuhi ile, yaani baridi, maji na mbio, ni miongoni mwa yale yanayouamsha. Nasema haya si kwa kutafuta kuhurumiwa. Nataka mjue kwa nini nimechagua kuzungumza juu ya damu, juu ya jeni, na juu ya kazi ya mkemia katika mambo hayo.

KOSA LA HERUFI MOJA

Mundu mnaujua, ni ule wa kuvunia mpunga. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake, zilipotazamwa katika hadubini, hazikuwa za duara bali zilipinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba tatizo limo katika himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kuitwa ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alilionyesha kosa lenyewe. Mnyororo mmoja wa himoglobini una asidi za amino 146 zilizotungwa kama shanga. Shanga ya sita ingepaswa kuwa asidi ya glutamiki. Kwa mgonjwa ipo valini. Katika DNA ni herufi moja tu, A, iliyogeuka kuwa T.

Kosa dogo namna hiyo linatosha. Himoglobini ikiisha kutoa oksijeni yake, molekuli hizo hushikana, zinajipanga kama nyuzi ndefu, na chembe inapinda. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na mahali palipoziba huuma sana. Baridi, kiu, homa na kazi nzito huzidisha kuziba huko.

Na kwa nini ugonjwa huu uko kwetu zaidi? Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtoto aliyerithi herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo katika nchi zenye mbu, herufi hiyo ilidumu. Mwenye kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa gharama. Hapana kijicho hapo, wala mkono wa mtu. Wazazi wawili wenye herufi hiyo, wao wenyewe wakiwa wazima, katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

DAWA NA ANWANI

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa akichezea rangi za kutia nguo. Aliona kwamba rangi fulani hushika chembe fulani na kuziacha nyingine. Mwaka 1891 yeye na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya bluu ya methilini, kwa kuwa waliona inawashika vijidudu vya malaria. Kutoka hapo alipata wazo la dawa itakayokwenda kwa adui peke yake na kumwacha mwenyeji salama. Mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, iliyojulikana kwa namba 606, ilianza kuuzwa.

Wazo la Ehrlich ndilo tunalohangaika nalo mpaka leo. Kuunda dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha. Barua isiyo na anwani haina faida hata iwe imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Na dawa inayobisha hodi kila nyumba italeta fujo katika nyumba zisizohusika. Mkemia wa leo anaulizwa maswali matatu: Je, kitu chako kinafanya kazi? Je, kinafika mahali pake? Na je, unaweza kukizima?

MBOLEA NA DAMU

Kabla ya kuingia kwenye mambo mapya, naomba tuanzie kwenye kitu ambacho kila mkulima hapa anakijua: yurea, ile mbolea nyeupe ya mifuko. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler aliunda yurea katika maabara bila kutumia figo ya mnyama, na watu wengi huhesabu siku hiyo kuwa ndipo kemia ya kuunda vitu vya uhai ilipoanza. Ondoa hidrojeni moja katika yurea, weka oksijeni yenye hidrojeni mahali pake, utapata hidroksiurea. Wajerumani waliiunda mwaka 1869. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua ingemfaa nani.

Upande mwingine, mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aligundua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawasumbuki sana katika miezi ya mwanzo. Sababu ni kwamba mtoto tumboni ana himoglobini ya namna nyingine, himoglobini ya kichanga, isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa mwili huizima polepole na kuwasha ile ya watu wazima, na hapo taabu huanza. Kumbe ndani ya kila mgonjwa dawa ipo! Imefungwa tu kama shati la zamani ndani ya sanduku.

Ikaja kuonekana kwamba hidroksiurea hulifungua sanduku hilo kidogo, kwa kuufanya mwili utoe tena himoglobini ya kichanga. Mwaka 1995 jaribio kubwa huko Marekani lilionyesha kwamba inapunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima. Je, kwa watoto wa Afrika, wenye malaria na lishe ya shida, ingekuwa salama? Jibu lilitolewa mwaka 2019, kutokana na watoto 606 waliotibiwa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Vijana, andikeni: kwa kila watoto mia katika mwaka mmoja, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Na dawa yenyewe ni molekuli ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuichora ubaoni.

Mwenzetu yule alikufa karibu miaka mia moja na kumi baada ya dawa hiyo kuundwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwapo duniani, haikuwa na anwani yake.

MKASI WA JENI

Sasa tusogee mbele. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha namna ya kutumia silaha ya bakteria, kimeng'enya kiitwacho Cas9, kukata DNA mahali unapopachagua. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobeli, na zingatieni kwamba ilikuwa ya kemia. Cas9 ni mkasi, lakini mkasi huo ni kipofu. Anayeushika mkono ni kipande cha RNA, tuseme RNA kiongozi, chenye herufi kama 20 zinazolingana na mahali unapotaka kukata. Ukibadili herufi hizo umebadili anwani.

RNA kiongozi nzima ina urefu wa herufi kama 100, na huundwa kwa mkono wa mkemia. Ninyi mngesema kwa mashine, lakini mashine hufuata kemia ya Marvin Caruthers na wenzake ya miaka ya mwanzo ya 1980. Kazi yenyewe ni kama kutunga shanga. Herufi ya kwanza hufungwa kwenye punje ngumu isiyoyeyuka. Herufi ya pili inaletwa ikiwa imevaa kofia kichwani ili isije ikaunganika na yoyote isipopaswa. Inaungana na ya kwanza, unaosha uchafu, unaivua kofia, unaleta ya tatu. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Hapa nataka kalamu zenu. Kutunga herufi 100 ni kuunganisha mara 99. Ikiwa kila mara unafaulu kwa asilimia 98, mwishoni minyororo mizima itakuwa kama asilimia 14 tu. Ukifaulu kwa asilimia 99, utapata kama 37. Kwa 99.5, kama 61. Iliyobaki ni minyororo mifupi, na RNA iliyokatika ni anwani iliyokosewa. Mnaona kwa nini mwalimu wenu wa maabara anagomba mnapoacha tone moja kwenye pipeti? Kosa dogo likirudiwa mara 99 si dogo tena.

Kisha liko tatizo la pili. Damu yetu na chembe zetu zimejaa vimeng'enya vinavyokula RNA kama mchwa wanavyokula boriti. RNA ya kawaida ikiingia ndani, haidumu. Mkemia hufanya nini? Anageuza herufi chache za mwanzo na za mwisho. Mahali penye oksijeni katika kiungo cha fosfati anaweka salfa. Katika sukari anaongeza kikundi cha methili. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba marekebisho hayo madogo kwenye ncha yanaongeza sana kazi ya mkasi katika chembe za damu za binadamu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

KUUZIMA MKASI

Mkasi mkali ulioachwa ndani ya nyumba ni hatari. Cas9 ikikaa muda mrefu ndani ya chembe inaweza kukata mahali pengine panapofanana na anwani yake. Kwa hiyo wakemia wanatafuta swichi.

Swichi ya kwanza ni muda wenyewe. Ukipeleka mkasi kwa njia ya RNA, badala ya kuingiza jeni ya kuutengeneza siku zote, maagizo huoza baada ya siku chache na kazi huisha. Swichi ya pili ni dawa ndogo: mwaka 2015 kikundi cha David Liu huko Harvard kiliunda Cas9 ambayo haifanyi kazi mpaka ipewe kemikali ya jamii ya tamoksifeni. Swichi ya tatu ni mwanga: mwaka 2020 watafiti wa Johns Hopkins waliunda RNA kiongozi yenye herufi zilizofungwa kwa vikundi vinavyovunjika vikipigwa mwanga. Mkasi unafika, unakaa mahali pake, unangoja. Mwanga ukiwaka, unakata ndani ya sekunde chache. Swichi ya nne ni breki: mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Broad walipata molekuli ndogo zinazouzuia mkasi usifanye kazi. Dawa na mwanga na breki bado ni vyombo vya maabara, si vya wodi. Lakini hapo ndipo kazi yenu, vijana, inapowangoja.

Tena uko mkasi usiokata. Tangu mwaka 2016 kikundi hicho cha Liu kilianza kuunda vyombo vinavyogeuza herufi moja kuwa nyingine kwa kemia, bila kuvunja ngazi zote mbili za DNA. Ni sawa na kutumia kifutio badala ya wembe.

BAHASHA YA MAFUTA

Sasa tuna barua, tunataka bahasha. RNA ina chaji hasi, na ukuta wa chembe ni wa mafuta, haipiti. Bahasha inayotumika sana ni tone dogo la mafuta, ambalo ukitaka kulipima uigawe milimita moja mara elfu kumi. Limo ndani yake kolesteroli, fosfolipidi, mafuta yenye mkia wa kulizuia lisishikane na mengine, na fundi mkuu wao: mafuta yenye amini inayobadilika.

Mnaikumbuka litmasi? Inabadili rangi asidi ikizidi. Mafuta haya nayo yanafanana na litmasi kwa tabia. Katika damu, ambako pH ni 7.4, hayana chaji, kwa hiyo hayadhuru. Chembe ikiyameza, yanaingia katika kifuko chenye asidi zaidi. Hapo amini inapokea protoni, inapata chaji chanya, inaushika ukuta wa kifuko na kuupasua, na RNA inatoka. Yaani bahasha inajua imekwisha kufika ndani ya nyumba kwa kuonja uchachu wa chumba! Dawa ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa mwaka 2018, kwa ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu. Mwaka 2020 bahasha za ukoo huo huo zilibeba chanjo za RNA za korona.

Bahasha hizi zikiingia katika damu kwa sindano ya mshipa, nyingi huishia kwenye ini, kwa kuwa huvikwa protini ya damu ambayo ini huitambua kama mizigo yake ya mafuta. Mwaka 2021 watafiti walitoa habari za watu sita wa kwanza waliopewa mkasi wa jeni kwa njia hiyo, ili kuzima protini mbovu inayotengenezwa na ini. Waliopata kipimo kidogo, protini ilishuka kwa wastani wa asilimia 52. Waliopata kikubwa zaidi, asilimia 87.

Na mwaka 2025, huko Philadelphia, madaktari Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru walimtibu mtoto mchanga aliyezaliwa na kosa katika jeni moja la ini. Mwili wake haukuweza kugeuza amonia kuwa yurea. Ndiyo, yurea ile ile ya Wöhler. Bila kuitengeneza, amonia inapanda na kuharibu ubongo. Waliandika anwani ya kosa la mtoto huyo peke yake, wakaunda dawa ndani ya miezi sita, wakaitia katika bahasha ya mafuta. Alipewa sindano tatu. Akaanza kuvumilia protini zaidi katika chakula, na baadaye akatoka hospitali. Madaktari wenyewe hawakusema amepona kabisa. Walisema anahitaji kuangaliwa miaka mingi. Napenda wanasayansi wanaosema hivyo.

HESABU YA HAKI

Na selimundu je? Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliruhusu dawa ya kwanza ya mkasi wa jeni duniani, iitwayo Casgevy, kwa ugonjwa huu. Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Haisahihishi ile herufi ya sita. Inakata swichi inayoizima himoglobini ya kichanga, yaani inalifungua lile sanduku kwa nguvu zaidi kuliko hidroksiurea. Katika wagonjwa 30 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walimaliza walau miezi 12 mfululizo bila kipindi kikali cha maumivu.

Lakini nisiwadanganye. Chembe mama za damu hutolewa nje ya mwili, zinarekebishwa maabarani, kisha mgonjwa anapewa busulfani, dawa kali inayofagia uboho wake ili chembe mpya zipate nafasi. Anakaa hospitali majuma mengi, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo na kwa vifaa hivyo, dawa imeundwa lakini kwa watu wetu bado haijafika.

Njia inayotazamiwa ni sindano moja itakayopeleka mkasi moja kwa moja ndani ya uboho. Tatizo ni anwani: bahasha zinapenda ini. Mwaka 2020 kikundi cha Daniel Siegwart huko Dallas kilionyesha katika panya kwamba ukiongeza mafuta ya tano, bahasha zinaweza kuelekezwa kwenye mapafu au bandama. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walibandika kingamwili juu ya bahasha, mfano wa stempu inayosomwa na chembe mama za damu, na katika panya barua ilifika. Panya si mtu. Aidha mwezi wa Oktoba 2025 majaribio ya ile dawa ya ini niliyoitaja yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja kupata madhara makubwa ya ini. Mwenye kuwaambieni kwamba mambo yamekwisha, mwogopeni. Na mwenye kuwaambieni kwamba hayawezekani, msimfuate.

Wala msidhani kwamba sisi ni watazamaji tu. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, na kundi hilo likawa miongoni mwa makubwa duniani. Dawa ya kesho haiwezi kupimwa bila watu wa namna hiyo, na bila wakemia wanaojua kuiunda karibu na wagonjwa.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa mambo matatu.

La kwanza ni kwa wazee wenzangu. Kila mwaka chama chetu kinachangia rangi ya majengo. Mwaka huu napendekeza tuchangie upimaji wa selimundu kwa kila kijana wa kidato cha kwanza ambaye yeye na wazazi wake wataridhia, majibu yawe siri yake na ya mganga, na zahanati ya shule isikose hidroksiurea kwa watakaoandikiwa na daktari. Mimi nimekwisha kumkabidhi mweka hazina mchango wangu. Tena wajukuu zetu wakikaribia kuoana, tuwaambie wapime. Mficha maradhi kilio humfichua.

La pili ni kwa uongozi wa shule. Nimeuliza, nikaambiwa mchakamchaka bado upo. Sina neno nao. Naomba tu mwenye cheti cha mganga aachwe alale siku za baridi, na aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani bila kuulizwa kila siku mbele ya wenzake.

La tatu ni kwenu vijana. Baadhi yenu mtakuwa wakemia. Nimewapa kazi hapa: mkasi unaotaka swichi na bahasha inayotaka anwani ya uboho, na zote mbili zinataka bei ambayo mtu wa kawaida ataiweza. Wengi wenu hamtakuwa wakemia, lakini baadhi yenu mtakuwa viranja. Asubuhi ukimkuta mwenzako hajaamka, usianze na ndoo ya maji. Keti kitandani kwake kwanza umwulize, "Unaumwa wapi?" Hilo halihitaji maabara, na mimi mwaka 1979 halikunishinda kwa kukosa elimu; lilinishinda kwa kutouliza.

Daftari lake la kemia ninalo mpaka leo. Mama yake alinipa nilipokwenda kuhani. Nimelileta, na baada ya mazungumzo haya nitalikabidhi kwa maktaba ya shule. Hesabu za moli zilizomo ni sahihi zote.